Nani Anateua, Nani Anafukuza, Nani Analipa

Agosti 1988, Bunge la Kenya lilipitisha marekebisho ya Katiba yaliyompa Rais uwezo wa kumwondoa jaji wa Mahakama Kuu au wa Mahakama ya Rufani bila kumfikisha kwanza mbele ya jopo la uchunguzi. Miaka miwili kabla yake, Mwanasheria Mkuu na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu walikuwa wameshavuliwa kinga hiyo hiyo. Hakuna mahakama iliyofungwa wala Bunge lililovunjwa. Katiba iliendelea kutaja Serikali, Bunge na Mahakama, kila mhimili katika sura yake. Aliyesoma orodha ya yaliyomo tu angeona madaraka yamegawanywa kama kawaida.

Tarehe 1 Septemba 2017, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo hiyo ilifuta ushindi wa Rais aliyekuwa madarakani. Majaji wanne walikubali na wawili wakapinga. Ilikuwa mara ya kwanza barani Afrika mahakama kufuta ushindi wa rais aliyeko Ikulu. Rais huyo, Uhuru Kenyatta, alitangaza kwamba hakubaliani na hukumu lakini ataiheshimu, na uchaguzi ukarudiwa tarehe 26 Oktoba.

Majaji wa 2017 hawakuwa na damu tofauti na wenzao wa 1988. Kilichobadilika ni majibu ya maswali machache ambayo mara nyingi hufichwa katikati ya ibara ndefu: nani anamteua jaji, nani anaweza kumfukuza, nani anamlipa, na nani ana neno la mwisho mihimili inapogongana. Huko ndiko madaraka hugawanywa kweli. Ibara ya mwanzo inayosema kwamba nchi ina mihimili mitatu ni tangazo tu, na katiba za Kenya na Tanzania tangu uhuru zinalithibitisha hilo vizuri.

Tatizo lilianzia kwenye kiti cha gavana. Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilipoanzishwa mwaka 1926, Gavana Donald Cameron, mkuu wa serikali ya kikoloni, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wake. Baraza halikupata Spika hadi 1953. Huko wilayani mambo yalikuwa wazi zaidi: ofisa wa Kiingereza aliyesimamia ukusanyaji wa kodi ndiye aliyekalia pia kiti cha hakimu. Mwananchi wa kawaida alikutana na dola kama mtu mmoja mwenye kofia kadhaa, na hakuwa na mahali pa kumshtaki mmoja kwa mwingine.

Katiba za uhuru zilijaribu kuivunja mamlaka hiyo kwa mfumo wa Kiingereza. Tanganyika ya 1961 ilikuwa na Waziri Mkuu aliyewajibika kwa Bunge, na Malkia akawakilishwa na Gavana Mkuu. Katiba ya Kenya ya 1963, iliyotokana na mikutano ya Lancaster House jijini London, iliongeza Seneti na serikali za majimbo. Mipango hiyo haikudumu. Tanganyika ikawa Jamhuri tarehe 9 Desemba 1962, Kenya tarehe 12 Desemba 1964, na katika nchi zote mbili Rais alichukua heshima ya Malkia na kazi ya Waziri Mkuu kwa pamoja. Majimbo ya Kenya yakanyang'anywa mamlaka, na mwisho wa 1966 Seneti ikaunganishwa na Baraza la Wawakilishi.

Hapo ndipo palipofanyika mchanganyiko wenye madhara ya muda mrefu. Uingereza, Waziri Mkuu na mawaziri hukaa bungeni, lakini Bunge likipoteza imani naye huanguka. Marekani, Rais huchaguliwa kwa muhula maalumu na Bunge haliwezi kumwangusha kwa kura ya kutokuwa na imani, lakini mawaziri wake hawaruhusiwi kuwa wabunge, na yeye mwenyewe hana uwezo wa kulivunja Bunge. Kila mfumo una mamlaka yake na breki zake. Jamhuri changa zilichukua mamlaka kutoka pande zote mbili: Rais mwenye muhula wake, mawaziri wanaopiga kura bungeni, na uwezo wa kulivunja Bunge. Breki nyingi ziliachwa njiani.

Katiba ya Tanzania ya 1977, pamoja na marekebisho yake yote, bado ina sura hiyo. Ibara ya 62 inasema Bunge lina sehemu mbili, Rais na Wabunge. Ibara ya 66 inamruhusu Rais kuteua wabunge wasiozidi 10, na Ibara ya 55 inataka mawaziri watoke miongoni mwa wabunge. Mbunge anayetaka kuihoji Serikali kwa ukali anajua kwamba mtu anayemhoji ndiye anayeweza kumpa uwaziri kesho.

Ibara ya 97 inaonyesha uzito wa jambo hili kuliko nyingine yoyote. Rais akikataa kusaini muswada, Bunge linaweza kuurudisha kwake kwa kuungwa mkono na theluthi mbili ya wabunge wote. Akiletewa tena, ana siku 21 za kuusaini au kulivunja Bunge. Kwenye karatasi ni mizani: Rais anaweza kuzuia, Bunge linaweza kusisitiza. Lakini mbunge anayesisitiza anahatarisha kiti chake mwenyewe, tena kwa gharama za uchaguzi mwingine jimboni.

Chama kinaongeza uzito upande huo huo. Chini ya Ibara ya 71, mbunge akikoma kuwa mwanachama wa chama kilichomdhamini, ubunge wake umekwisha. Chama tawala, CCM, kwa desturi huongozwa na Rais wa nchi kama Mwenyekiti wake. Mtu mmoja basi ni sehemu ya Bunge, anateua baadhi ya wabunge, anachagua mawaziri kutoka bungeni, na anaongoza chama ambacho kadi yake ndiyo roho ya ubunge wa walio wengi. Mwishoni mwa Desemba 2021, Spika Job Ndugai, ambaye sasa ni marehemu, alihoji hadharani kasi ya mikopo ya Serikali. Aliomba radhi, Rais akamkosoa katika hotuba, na tarehe 6 Januari 2022 Ndugai akajiuzulu. Hakuna ibara iliyovunjwa, na kwa sababu hiyo tukio lile linafaa kusomwa kwa makini: Katiba yenyewe haikumpa kiongozi wa mhimili mahali pa kusimama.

Kenya ilikuwa imepita njia hiyo mapema. Jaramogi Oginga Odinga na wenzake walipokihama chama tawala, KANU, mwaka 1966 na kuunda chama cha KPU, Katiba ilirekebishwa haraka ili kila mbunge aliyehama arudi kwa wapiga kura. Wengi walipoteza viti. Marekebisho ya 1982 yakaifanya Kenya nchi ya chama kimoja kisheria, na ya 1988 yakamaliza kazi kwa majaji. Kinga yao ilirejeshwa mwaka 1990, baada ya mawakili na viongozi wa dini kupaza sauti kwa miaka, wengine kwa kuhatarisha uhuru wao.

Waandishi wa Katiba iliyopitishwa kwa kura ya maoni ya tarehe 4 Agosti 2010 waliijua historia hiyo, wakaanza na ajira. Jaji Mkuu hapatikani tena kwa uamuzi wa Rais peke yake. Tume ya Utumishi wa Mahakama hutangaza nafasi, huwahoji waombaji hadharani, humpendekeza mmoja, Bunge huidhinisha, na Rais huteua. Willy Mutunga aliingia kwa mlango huo mwaka 2011. Kumwondoa jaji kunaanzia kwenye tume hiyo na kupitia jopo maalumu. Mawaziri nao hawaruhusiwi kuwa wabunge, na Seneti ikarudi kulinda kaunti 47.

Mlango mmoja ulibaki wazi: Rais akikataa kuteua, itakuwaje? Mwaka 2019 tume ilipendekeza majaji 41. Majina yakakaa Ikulu karibu miaka miwili. Mei 2021 Mahakama Kuu ilizuia mpango wa BBI, mpango wa kurekebisha Katiba uliobebwa na Rais Kenyatta mwenyewe. Wiki tatu baadaye aliwateua wengi wao na kuwaacha sita, wakiwemo Joel Ngugi na George Odunga, wawili kati ya majaji watano waliosikiliza kesi hiyo. Sita hao waliapishwa Septemba 2022, siku moja baada ya William Ruto kuingia madarakani. Katiba ilikuwa imemwondolea Rais uwezo wa kuchagua, lakini haikusema kwa wazi nini kitatokea asipotekeleza. Mwanya wa sentensi moja uliwagharimu watu sita miaka mitatu, na wananchi wakakosa majaji wakati mafaili ya kesi yanarundikana.

Tanzania ina mwanya unaofanana. Majaji wake wana kinga nzuri, kwani Ibara ya 110A inataka tume ya uchunguzi kabla jaji hajaondolewa. Lakini kinga hiyo ni ya aliyekwisha kuthibitishwa. Jaji Mkuu Mohamed Chande Othman alipostaafu Januari 2017, nafasi yake ilikaliwa na kaimu hadi Septemba mwaka huo, Ibrahim Juma alipoapishwa kuwa Jaji Mkuu kamili. Hata kama kaimu ni mtu mwadilifu kiasi gani, mhimili unaoongozwa kwa miezi minane na mtu anayesubiri kuthibitishwa na mkuu wa mhimili mwingine umewekwa pabaya, na si yeye aliyejiweka hapo.

Suala la kufukuza lilifika mahakamani kupitia ofisi nyingine. Aprili 2019 Bunge la Tanzania liliazimia kutofanya kazi na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, Profesa Mussa Assad, baada ya yeye kutumia neno udhaifu alipozungumzia Bunge. Novemba mwaka huo Rais aliteua mwingine, kwa hoja kwamba kipindi cha miaka mitano kilichowekwa na Sheria ya Ukaguzi wa Umma kilikuwa kimekwisha. Desemba 2022 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho cha sheria kinapingana na Katiba, ambayo inamlinda mkaguzi hadi umri wa kustaafu. Wakati huo Profesa Assad alikuwa nje ya ofisi kwa miaka mitatu.

Fedha huzungumzwa kidogo kuliko teuzi, ingawa nguvu yake ni kubwa vilevile. Mahakama inayoomba kila shilingi kutoka Hazina inaweza kubanwa bila jaji yeyote kuguswa. Katiba ya Kenya ya 2010 iliunda Mfuko wa Mahakama. Sheria yake ikatungwa 2016, na mfuko ukaanza kazi 2022. Tanzania ilianzisha mfuko wa aina hiyo kwa Sheria ya Uendeshaji wa Mahakama ya 2011. Hata hivyo, kiasi kinachoingia bado hutegemea bajeti inayoandaliwa na Serikali na kupitishwa na wabunge.

Si Serikali peke yake inayovuka mpaka. Wabunge wa nchi zote mbili hupenda mifuko ya maendeleo ya majimbo, kwa kuwa inawapa la kuonyesha nyumbani: darasa, kisima, zahanati. Lakini mbunge anayepitisha bajeti, kisha akashiriki kuitumia, hawezi kuikagua kwa macho makavu. Agosti 2022 Mahakama ya Juu ya Kenya iliitangaza sheria ya 2013 ya mfuko wa aina hiyo, CDF, kuwa kinyume cha Katiba, ikieleza kwamba inawaingiza wabunge katika kazi ya utekelezaji. Wakati hukumu inatoka, sheria nyingine ya 2015 ilikuwa tayari inatumika kwa kazi ileile. Bunge lilikuwa limetangulia.

Neno la mwisho nalo ni tofauti sana kati ya majirani hawa. Kenya, mtu yeyote anaweza kufungua kesi kupinga ushindi wa Rais, na Mahakama ya Juu hutoa uamuzi ndani ya siku 14. Tanzania, Ibara ya 41(7) inazifungia mahakama zote mlango pindi Tume ya Uchaguzi inapomtangaza mshindi wa urais. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliamua Julai 2020 kwamba kizuizi hicho kinavunja Mkataba wa Afrika. Hata pale mlango ulipo wazi, hukumu haina askari. Septemba 2020, Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais alivunje Bunge kwa kushindwa kutunga sheria ya theluthi mbili ya jinsia, kama Katiba inavyoelekeza. Bunge halikuvunjwa.

Rasimu ya Katiba iliyotolewa Desemba 2013 na tume ya Jaji Joseph Warioba ilipendekeza mawaziri wa Tanzania wasiwe wabunge, na matokeo ya urais yaweze kupingwa mahakamani. Kura ya maoni juu ya Katiba Inayopendekezwa, iliyopitishwa na Bunge Maalumu mwaka 2014, ilipangwa kufanyika tarehe 30 Aprili 2015, ikaahirishwa. Mchakato utakapofufuliwa, mwananchi atakayeshika rasimu mkononi ana haki ya kuruka utangulizi na kwenda moja kwa moja kwenye ibara za uteuzi, ibara za kuondolewa kazini na ibara za fedha. Aangalie ni siku ngapi Rais amepewa kuteua jaji aliyependekezwa, na kinachotokea siku hizo zikipita. Aangalie kama mkaguzi analindwa na Katiba yenyewe au na sheria ambayo Bunge linaweza kuibadilisha kwa mkutano mmoja. Na akikuta mahali pamekaa kimya, awaulize walioandika, kabla ya kupiga kura.