Boxer, TVS au SanLG: Familia ya kijijini Bunda inunue pikipiki gani?

Fedha za pamba zikishaingia, mjadala unaokesha katika nyumba nyingi za vijijini wilayani Bunda, mkoani Mara, ni wa pikipiki. Baba anataka Boxer kwa sababu jirani anayo. Kijana mkubwa anataka TVS kwa sababu ya mafuta. Mjomba anashauri SanLG, chenji irudi nyumbani. Anayeulizwa mara chache ni mama, ingawa ndiye atakayepanda nyuma usiku akiwa na mtoto mwenye homa, kuelekea zahanati.

Kwa familia ya kijijini pikipiki ni chombo cha kazi na pia gari la wagonjwa. Asubuhi inabeba madumu ya maji, mchana gunia la mahindi au ndoo ya dagaa, jioni mwanafunzi, na ikibidi, mgonjwa. Ndiyo maana kuchagua aina ya pikipiki ni jambo la afya ya familia nzima.

Huko Marekani, wakulima na wapenda kupita njia za porini hubishana kuhusu pikipiki za magurudumu manne: Honda, Polaris au Can-Am. Bunda kazi hiyohiyo hufanywa na pikipiki ya magurudumu mawili, na kwa mizigo mizito, guta la magurudumu matatu. Vyombo ni tofauti, lakini swali ni lilelile: kipi kitapita njia mbovu kikiwa na mzigo, na kurudisha watu nyumbani salama?

Anza na njia, si na jina

Lami ya barabara kuu ya Mwanza hadi Musoma inapita Bunda mjini. Ukiiacha, kila upande una shida yake. Kwenye mbuga zinazoelekea Ghuba ya Speke, udongo mweusi wa mfinyanzi ukinyeshewa hugeuka gundi. Unajaza nafasi kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Upande wa vilima, kama vinavyoinuka juu ya mji kule Balili, kuna mawe na makorongo. Upande wa Hunyari na Kunzugu, karibu na Hifadhi ya Serengeti, tembo na wanyama wengine hutoka na kuvuka njia, hasa usiku.

Kabla ya kutaja jina lolote, familia ijiulize maswali matatu. Je, pikipiki ikikwama kwenye tope, anayeiendesha mara nyingi anaweza kuinyanyua mwenyewe? Je, akisimama, miguu yake yote miwili inafika chini? Je, kipuri kikivunjika, duka la karibu lenye kipuri hicho liko wapi? Pikipiki inayomzidi mwendeshaji nguvu humwangusha ikiwa imesimama, na wengi huvunjika mguu au kuungua namna hiyo, bila mwendo wowote.

Boxer: nguvu na vipuri

Boxer hutengenezwa na kampuni ya Bajaj ya India, ileile iliyotoa jina la bajaji za abiria. Ile ya 150 ina injini ya takriban cc 145. Kinachoipa sifa vijijini ni uwezo wa kuvuta mzigo bila kulazimika kukimbia, na kwamba mafundi wengi wameshaizoea. Toleo lake la X lina tairi zenye meno makubwa, madigadi ya mbele yaliyoinuliwa na kinga chini ya injini. Kwa njia ya mawe na tope, hivyo vitatu ni muhimu kuliko rangi ya tangi.

Upungufu wake ni uzito. Kwa kijana mwenye nguvu si tatizo, lakini kwa mama au mzee atakayeiendesha peke yake kwenda shambani, ile ya 150 ni mzigo ikilala kwenye tope. Kuna Boxer ndogo zaidi, za 100 na 125, ambazo familia nyingi huziruka kwa kuona ni za kinyonge. Kwa safari fupi na mzigo wa wastani, zinatosha.

TVS: nafasi na mafuta

TVS nayo inatoka India, na aina inayoonekana sana ni HLX, yenye matoleo ya 100, 125 na 150. Wanaoipenda hutaja siti ndefu iliyotulia na ulaji mdogo wa mafuta kwa toleo la 125. Siti pana humsaidia abiria mgonjwa kukaa bila kumsukuma dereva kuelekea kwenye tangi. Lakini siti hiyohiyo huwashawishi watu kupanda watatu au wanne, jambo ambalo breki na shokapu hazikuundiwa.

Mnunuzi aangalie rimu. Rimu za spoku zikigonga jiwe, fundi wa kijijini anaweza kunyoosha na kubadilisha spoku chache. Rimu zisizo na spoku hupendeza, lakini zikipasuka kwenye makorongo mara nyingi hulazimu kununua nyingine. Kwa anayeishi mbali na lami, spoku ndizo zenye faida.

SanLG na ndugu zake wa China

SanLG, Haojue, Kinglion na Fekon hutoka China. Kivutio cha nyingi kati ya hizo ni bei ya kununulia na ya vipuri. Mwenye bajeti ndogo asione aibu kuichagua. Ila apige hesabu ya miaka miwili, si ya siku ya kwanza: cheni na spoketi, tairi, waya za breki na klachi vitabadilishwa mara ngapi, na je, vipuri vya aina hiyo hasa vinapatikana karibu naye? Kipuri cha bei nafuu kisichopatikana kina gharama kubwa kuliko cha bei ghali kilichopo kwenye duka la jirani.

Yamaha za ofisini

Baadhi ya wasomaji wamewahi kuona Yamaha AG zikiendeshwa na maofisa ugani au watumishi wa miradi. Hizo ziliundwa kwa ajili ya mashamba: zina keria mbele na nyuma, cheni iliyofunikwa isiingie tope, na stendi pande zote mbili ili isianguke kwenye ardhi isiyo sawa. Kwa umbo, hakuna inayokaribia zaidi pikipiki ya kazi ya shambani. Tatizo ni bei na vipuri, ndiyo maana hubaki zaidi kwa taasisi. Lakini familia inaweza kuiga wazo: keria imara ya chuma, kifuniko cha cheni na kinga ya injini vinaweza kufungwa na fundi kwenye Boxer, TVS au SanLG.

Guta: gurudumu la tatu si usalama wa ziada

Familia inayobeba mazao mengi hufikiria guta. Kwa mzigo kwenye njia tambarare, halina mpinzani. Hatari ni kudhani kwamba magurudumu matatu hayawezi kupinduka.

Marekani ilijifunza somo hilo kwa machungu. Honda ilianza kuuza pikipiki ya magurudumu matatu ya njia za porini 1970. Watu wengi walipinduka nazo na kuumia, wakiwamo watoto, na 1988 watengenezaji wakakubaliana na serikali kuacha kuziuza mpya. Za magurudumu manne ndizo zilizobaki. Guta halifanani na chombo kile, kwa kuwa lina bodi ndefu nyuma, lakini sheria ya mzigo ni ileile. Ukikata kona kwa kasi, ukipita ubavu wa mlima, au ukirundika mzigo juu, uzito hukimbilia upande mmoja na chombo hulala. Abiria aliyekaa juu ya magunia ndiye wa kwanza kutupwa.

Leseni nayo ni sehemu ya uamuzi

Nchini Tanzania, daraja la leseni hubadilika kulingana na chombo. Pikipiki zenye injini inayozidi cc 125 huhitaji daraja A, ndogo zaidi huendeshwa kwa A1, na vyombo vya magurudumu matatu au manne vina daraja lake, A2. Familia inayonunua ya 150 ilhali anayeiendesha ana leseni ya ndogo inajiwekea matatizo barabarani, na pengine kwenye bima siku ajali ikitokea.

Kofia mbili ni sehemu ya bei

Pikipiki mpya hugharimu zaidi ya shilingi milioni mbili. Anayemaliza fedha zote kwenye tangi na injini, akabaki bila za kofia ngumu, hajamaliza kununua. Mapitio ya tafiti mbalimbali duniani yalionyesha kwamba kofia ngumu hupunguza uwezekano wa kufa katika ajali ya pikipiki kwa takriban asilimia 42, na wa kuumia kichwa kwa asilimia 69. Hakuna tofauti kati ya Boxer na TVS inayofikia faida hiyo.

Zinunuliwe mbili: ya dereva na ya abiria. Zikae kichwani bila kucheza, na mkanda ufungwe chini ya kidevu kila safari, hata ya dukani. Kofia isiyofungwa huruka kabla kichwa hakijafika chini. Anayeogopa kuambukizwa fangasi kwa kofia ya pamoja avae kitambaa chepesi safi ndani yake.

Mtoto asikalishwe mbele juu ya tangi. Pikipiki ikisimama ghafla, kifua chake hugonga usukani na uzito wa baba humjia kwa nyuma. Mtoto mchanga hana kofia ngumu inayomfaa, hivyo kama kuna bajaji au gari, ndilo chaguo la kwanza hata kwa nauli kubwa zaidi.

Ekzosi ya pikipiki nyingi za aina hizi iko upande wa kulia, kwa hiyo abiria apande na kushuka kushoto. Mtu akiungua, sehemu hiyo imwagiwe maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno, mafuta ya kupikia na mafuta ya taa havifai: huficha joto ndani na kuleta maambukizi.

Kina mama wanaovaa kanga na vitenge waangalie gurudumu la nyuma. India, zinakotoka Boxer na TVS, pikipiki hutakiwa kuwa na kinga ya kuzuia nguo ya abiria isiingie kwenye spoku, kwa sababu ya wanaovaa sari. Kama unayonunua haina, fundi wa kuchomelea anaweza kuitengeneza kwa muda mfupi.

Mjamzito asisubiri pikipiki

Hata pikipiki bora haifai kwa mjamzito anayetokwa damu, aliyepatwa na degedege au aliyezidiwa uchungu. Barabara ya makorongo humchosha, na akizimia njiani hawezi kushikilia. Tanzania ina mfumo wa usafiri wa dharura wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa 2022, unaomsafirisha mjamzito, aliyejifungua na mtoto mchanga kwa gari la wagonjwa au kwa dereva wa jamii aliyesajiliwa. Namba ni 115 na kupiga ni bure. Iandikwe ukutani, karibu na mahali ufunguo wa pikipiki unapotundikwa. Familia ipange mapema, tangu kliniki ya kwanza, kuliko kubahatisha saa nane za usiku.

Matunzo hushinda jina

Shirika la Riders for Health, lililofanya kazi katika nchi kadhaa za Afrika zikiwamo Lesotho na Gambia, liliwafundisha wahudumu wa afya kukagua pikipiki kila siku kabla ya kuiwasha na kubadilisha vipuri kabla havijafa. Mazoea hayo hayahitaji digrii: oili, hewa kwenye tairi, cheni, taa, breki, na nati zilizolegea. Dakika tano zinatosha.

Baada ya kuvuka maji, breki za ngoma huteleza, hivyo zikanyagwe kidogokidogo ukiwa mwendo wa polepole mpaka zishike. Mzigo mzito ufungwe chini na karibu na siti, kwani ukining'inia nyuma hunyanyua gurudumu la mbele na usukani hupoteza nguvu. Na anayepita kando ya hifadhi usiku hakikisha taa inamulika mbali, apunguze mwendo, na akiona tembo asipige honi kulazimisha njia.

Kwa hiyo, ipi?

Kwa familia inayobeba mizigo mizito kwenye mawe na tope, yenye dereva mwenye nguvu na leseni ya daraja A, Boxer ya 150 yenye tairi za meno inafaa. Kwa safari nyingi za abiria mmoja na bajeti ya mafuta inayobana, TVS ya 125 ina hoja. Kwa mwenye fedha kidogo anayeishi karibu na duka la vipuri, SanLG haitamwangusha akiitunza. Guta ni la mazao, si la watu.

Kabla ya kulipa, mama naye apande. Akae nyuma, aone kama miguu inafika kwenye vikanyagio na kama kuna mahali pa kushika. Kisha zitengwe fedha za kofia mbili na za kubadilisha oili baada ya kilomita za mwanzo, kadiri kitabu cha pikipiki kinavyoelekeza. Kama bajeti haitoshi, ichaguliwe pikipiki ndogo zaidi, lakini kofia zisipunguzwe.