Kigoma mpaka Bujumbura kwa gari, kwenda na kurudi siku moja

Wadau, tangu nirudi Bujumbura naulizwa swali moja: hivi unaenda na kurudi siku hiyo hiyo kweli? Inawezekana. Ila ukikosea hesabu ya saa, giza linakukuta milimani, kama lilivyotukuta sisi.

Tulikuwa wanne. Mjomba anaendesha, mimi mbele, bibi na binamu yangu nyuma. Bibi alikuwa anakwenda kumwona mdogo wake anayeumwa, anakaa Buyenzi, ule mtaa wa Bujumbura ambao Kiswahili kinaongewa kama uko Ujiji. Miaka mingi hawajaonana. Mjomba alikuwa na ruhusa ya siku moja tu kazini, ndiyo maana ikabidi iwe kwenda na kurudi.

Njia yenyewe ni Kigoma, Mwandiga, unapanda mpaka Manyovu. Ukivuka Mugina unapita Mabanda, unateremka Nyanza-Lac, na kuanzia hapo ziwa liko kushoto kwako hadi Bujumbura. Ni zaidi ya kilomita 200. Rumonge ni michikichi mitupu, utadhani hujatoka kwetu, ila migebuka wao wanaita mukeke.

Mwaka 1871 Stanley na Livingstone walitoka Ujiji kwa mtumbwi kwenda huko huko kaskazini, na safari iliwachukua karibu mwezi mzima kwenda na kurudi. Walitaka kujua mto Rusizi unatoka ziwani au unaingia. Wakakuta unaingia. Kusini kidogo ya Bujumbura, pale Mugere, kuna jiwe la kumbukumbu yao, na wapo wanaokwambia ndipo walipokutana. Walikutana Ujiji bwana, kule walilala tu!

Makaratasi sasa. Burundi iko Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, Mtanzania haombi viza, lakini beba pasipoti au hati ya dharura ya safari. Gari linataka kadi yake, bima ya COMESA, na barua ya mwenye gari kama si lako. Hiyo bima wanaiita kadi ya njano, na ya chanjo ya homa ya manjano nayo ni njano. Binamu yangu alimpa ofisa ya gari badala ya yake, tukachekwa.

Mafuta jaza Kigoma. Mwaka 2023 na 2024 Burundi mafuta yaliadimika sana, magari yalikuwa yanalala foleni vituoni.

Halafu kule wanaendesha kulia. Usukani wetu nao uko kulia, kwa hiyo dereva akitaka kulipita lori haoni mbele. Anayeona ni aliyekaa kushoto, yaani mimi. Safari nzima kazi yangu ilikuwa "subiri mjomba, subiri, haya pita!" Usimweke mtu wa kusinzia kiti hicho.

Saa ndiyo ilituponza. Burundi wako nyuma yetu saa moja. Asubuhi unafurahi, umevuka saa mbili, kumbe kwao ni saa moja, unaona umepewa muda wa bure. Jua halijali hayo. Kigoma linazama karibu saa moja jioni, Bujumbura karibu saa kumi na mbili kwa saa yao, jua lile lile. Simu ya mjomba ilijibadilisha yenyewe, ikasoma saa nane. Akasema tuna saa tano za mwanga, muacheni mama aongee na mdogo wake. Alikuwa anahesabu jua la Kigoma kwa saa ya Bujumbura. Zilikuwa zimebaki nne, na njia pamoja na mpaka inakula tano.

Nilipogundua nikamwambia. Akaenda mlangoni kumwita bibi, akasimama tu. Wale wazee walikuwa wameshikana mikono, hata hawaongei. Tukakaa nusu saa nyingine.

Giza likatukuta tunateremka kutoka Manyovu, na mjomba usiku haoni vizuri. Ilikuwa mwendo wa baiskeli, nikimsomea kona moja moja. Tumefika nyumbani saa tatu na nusu.

Kwa hiyo saa moja weka ya Tanzania, usiiguse, na saa saba ya hiyo saa uwe umewasha gari kurudi. Ukigonga muhuri asubuhi, muulize ofisa wanafunga saa ngapi, na kwa saa ya upande gani.

Bibi anataka kwenda tena. Kasema safari hii yeye anabaki wiki nzima, sisi turudi na gari letu na saa zetu.