Dawa Inayohitaji Mafuta: Mseto wa Malaria na Chakula cha Mgonjwa

Tangu mwishoni mwa mwaka 2006, Tanzania imetumia mseto wa artemetha na lumefantrini (ALu) kutibu malaria isiyo kali. Mgonjwa hupewa dozi sita kwa siku tatu na kuambiwa ameze vidonge pamoja na chakula. Wengi hudhani agizo hilo ni la kulinda tumbo tu. Sivyo: mafuta yaliyomo katika chakula ni sehemu ya tiba yenyewe.

Lumefantrini huyeyuka kwa shida katika maji, lakini huyeyuka katika mafuta. Ikimezwa tumbo likiwa tupu, sehemu kubwa hupita utumboni bila kufyonzwa. Mafuta yanapofika katika utumbo mwembamba, nyongo huyagawa kuwa matone madogo mno; dawa huyeyukia humo na kuvushwa hadi damuni. Katika majaribio, mlo wenye mafuta mengi uliongeza ufyonzwaji wa lumefantrini takribani mara 16.

Artemetha huangamiza vimelea vingi kwa haraka, kisha hutoka mwilini baada ya saa chache. Lumefantrini ndiyo hubaki kwa siku kadhaa na kuvimaliza vilivyosalia. Ikipungua damuni, homa yaweza kurudi, na vimelea hupata nafasi ya kujenga usugu.

Mgonjwa asiye na hamu ya kula hahitaji karamu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulionesha kuwa gramu 1.2 za mafuta, katika maziwa ya soya, zilitosha kufikia takribani asilimia 90 ya ufyonzwaji wa juu kabisa. Katika kaya za Singida, mkoa wa alizeti, kiasi hicho hakiko mbali: nusu kikombe cha maziwa ya ng'ombe yasiyoenguliwa, uji wa karanga, au mlenda uliotiwa mafuta ya alizeti. Mtoto anayenyonya anyonyeshwe. Akitapika mara baada ya kumeza, arudishwe kituoni.

Kanuni hiyohiyo huwaongoza watengenezaji wa dawa. Siklosporini, wanayopewa waliopandikizwa figo, huyeyushwa kwanza katika mafuta ndani ya kapsuli laini.

Hata hivyo, si kila dawa hupenda mafuta. Rifampisini ya kifua kikuu humezwa tumbo likiwa tupu, kwa kuwa chakula hupunguza ufyonzwaji wake. Kwa hiyo mtoa dawa asiishie kusema "meza na chakula" au "meza kabla ya kula". Aeleze sababu, kisha amuulize mgonjwa nyumbani kuna chakula gani.