Kaseti, Uwanja na Hadhira: Je, Onyesho Likirekodiwa Hufa?

Kila tunapofika kwenye mada ya utendaji katika fasihi simulizi, hakosekani mwenzetu mmoja wa kunyanyua mkono na kusema kwamba simulizi ikishanaswa kwenye kaseti imekufa, na kwamba sisi wahakiki tunachokipasua ni maiti. Hoja hii ina uzito wake, wala siibezi. Fanani bila hadhira ni mtu anayejisemea peke yake. Ila kuna kitu kinanisumbua ndani yake. Inachukulia kwamba anayerekodi siku zote ni mtu baki, mtafiti aliyeshuka kwenye gari na mashine yake, akanasa, akaondoka. Sasa, ikiwa anayerekodi ni hadhira yenyewe, itakuwaje?

Makala haya yanakusudia kulichunguza swali hilo kwa mfano wa mbali kidogo: bendi ya Marekani iliyoitwa Grateful Dead, na watu walioifuata mji hadi mji kila kiangazi wakiwa na mikrofoni zao. Msomaji anivumilie. Tutazungumza magitaa na maegesho ya magari, lakini hatutaondoka kwenye fasihi.

Bendi hiyo ilianzishwa California mwaka 1965. Jerry Garcia alipiga gitaa na kuimba, Bob Weir gitaa la pili, Phil Lesh besi, Bill Kreutzmann ngoma, na Ron McKernan, aliyejulikana kwa jina la utani la Pigpen, kinanda na sauti. Mpiga ngoma wa pili, Mickey Hart, aliingia mwaka 1967. Mashairi mengi yalitungwa na Robert Hunter, ambaye hakupanda jukwaani kuimba nao; yeye alikuwa malenga wao, akiandika, wao wakitenda. Kwa miaka 30 walifanya maonyesho yapatayo 2,300. Wamarekani huita bendi za namna hii "jam band". Sisi ambao tumekulia kwenye dansi tuna neno letu, sebene: pale waimbaji wanaponyamaza na magitaa yanachukua usukani. Tofauti ni kwamba sebene letu halimwachi mchezaji. Mdundo upo, kiuno kinajua kinakwenda wapi. Sebene la Grateful Dead liliweza kupoteza mdundo kabisa, likazurura, na likaja kutokea ndani ya wimbo mwingine ambao hakuna aliyeutarajia, pengine hata wapigaji wenyewe.

Mfano mzuri ni wimbo wao "Dark Star". Mwaka 1968 waliutoa kwenye sahani ndogo, haufiki hata dakika tatu. Mwaka uliofuata, kwenye albamu ya Live/Dead iliyorekodiwa jukwaani, wimbo huohuo una dakika 23. Waliupiga zaidi ya mara 200 na hakuna mara mbili zilizofanana. Haya, mhakiki, niambie: matini ya "Dark Star" ni ipi? Ile fupi ya studio? Hakuna shabiki atakayekubali. Ile ndefu ya 1969? Hiyo nayo ni usiku mmoja tu kati ya siku nyingi. Hapa tunarudi kwa Albert Lord na kitabu chake The Singer of Tales cha mwaka 1960, kilichotokana na utafiti alioufanya yeye na mwalimu wake Milman Parry kwa watambaji wa tendi wa Yugoslavia. Lord alishikilia kwamba katika sanaa ya mdomo hakuna toleo la asili ambalo mengine yote ni nakala zake. Kila utambaji ni utunzi. Wengi wetu tunaikariri hoja hiyo kwa ajili ya mtihani. Mashabiki wa Grateful Dead, ambao wengi wao huenda hawakuwahi kusikia jina la Lord, waliishi nayo.

Na kuishi nayo kulikuwa na gharama. Ikiwa usiku wa leo hautafanana na wa kesho, basi kwenda mara moja hakutoshi. Ndiyo maana watu walianza kuifuata bendi. Kiangazi kikifika, vyuo vikifungwa, vijana walijazana kwenye mabasi madogo na magari makuukuu, wakasafiri wiki nzima, mwezi mzima. Maegesho ya uwanja yaligeuka gulio. Njia kuu ya gulio hilo iliitwa Shakedown Street, kwa jina la albamu yao ya mwaka 1978. Watu waliuza fulana walizotia rangi kwa kuzifunga mafundo, mikate ya jibini iliyokaangwa palepale, shanga, na vingine ambavyo polisi hawakuvipenda. Fedha iliyopatikana ilinunua petroli ya kufika mji unaofuata. Asiye na tiketi alitembea katikati ya watu akinyoosha kidole kimoja juu, maana yake anaomba muujiza: mtu ampe ya bure. Na wapo waliopewa. Tangu mwaka 1983 bendi iliuza tiketi yenyewe kwa njia ya posta, na waombaji wakawa wanachora bahasha zao kwa rangi, wakiamini kwamba bahasha nzuri huleta bahati. Bahasha nyingi zimehifadhiwa leo kwenye Chuo Kikuu cha California kule Santa Cruz, ambako bendi ilikabidhi nyaraka zake mwaka 2008.

Nimeyaeleza haya kwa sababu tumezoea kuorodhesha "fanani, hadhira, mahali, wakati, tukio" kama mtu anayehesabu vyombo. Hapa mahali na wakati vilikuwa sehemu ya fani. Onyesho lilianza barabarani, si pale gitaa lilipopigwa.

Sasa tuje kwenye kaseti. Toka mwanzo wapo waliorekodi kwa kificho. Bendi nyingine zingewafukuza, hii iliwaacha. Msimamo wa Garcia ulijulikana: wakishamaliza kuupiga muziki, wasikilizaji na wauchukue. Warekodi wakaongezeka, milingoti yao ya mikrofoni ikawa msitu mbele ya fundi mitambo, hata haoni jukwaa. Oktoba 1984, kwenye maonyesho ya Berkeley, bendi ikawatengea eneo lao nyuma ya meza ya mitambo na kuwauzia tiketi maalumu. Sharti lilikuwa moja na halikuwa na mjadala: kaseti ni ya kubadilishana, si ya kuuza. Asiye na kitu cha kubadilisha alituma kaseti tupu pamoja na stempu za kurudishia, na mwenye nacho akamnakilia. Fikiria jambo hilo katika nchi ambako kila kitu kina bei.

Kila nakala iliyonakiliwa iliongeza mvumo, ule mlio kama mafuta yanayokaangwa. Kwa hiyo thamani ya kaseti ilitegemea kizazi chake: imenakiliwa kutoka kwa nani, aliyenakili kutoka kwa nani, hadi kwenye mashine iliyokuwepo uwanjani. Mashabiki makini waliandika nasaba hiyo kwenye karatasi ya jalada: aina ya mikrofoni, mashine, nakala ya ngapi. Waliosoma chuoni — namaanisha chuo cha Kurani — wataitambua mara moja: hii ni isnadi. Habari haina uzito mpaka tujue imepokewa kupitia kwa nani.

Tena kulikuwa na tatizo la dakika. Kaseti ya dakika 90 ina dakika 45 kila upande, na sehemu ya pili ya onyesho ilizidi hapo. Kwa hiyo katikati ya sebene zito, mara kimya! Mtu anageuza kaseti. Wanaokumbuka santuri za zamani za dansi, wimbo umekatwa vipande viwili na utamu wote uko upande wa pili, wanajua maudhi hayo. Chombo cha kuhifadhia kina mkasi wake, nasi wahakiki aghalabu tunasahau kuutaja.

Zilikuwepo kaseti za aina mbili, na hapa ndipo penye hoja yangu hasa. Aina ya kwanza ilinaswa moja kwa moja kutoka kwenye meza ya mitambo: safi, kila chombo kinasikika, wala hakuna anayekohoa. Aina ya pili ilinaswa na mikrofoni zilizosimama katikati ya watu. Mashabiki wengi walizipenda zaidi zile za mezani, na aliyezipata alijiona tajiri. Mimi nasema kwamba kwa mhakiki wa fasihi simulizi ile ya pili ndiyo matini. Sikiliza yoyote iliyorekodiwa vizuri. Bendi inazurura, hakuna anayejua inaelekea wapi. Lesh anagusa noti mbili tatu za besi, na papo hapo maelfu ya watu wanapiga ukelele kwa sababu wameshautambua wimbo unaokuja. Ukelele huo ni mchango kwenye utungo. Wapigaji wanausikia na wanausukuma wimbo kwa nguvu zaidi. Kwenye kaseti ya mezani noti zilezile zipo, lakini zinadondokea kwenye utupu, kama mtambaji anayesema "Paukwa" na asijibiwe "Pakawa."

Atakayenipinga ataleta Cornell, na ana haki. Tarehe 8 Mei 1977 bendi ilipiga kwenye ukumbi wa Barton wa Chuo Kikuu cha Cornell, jimbo la New York. Aliyerekodi mezani alikuwa Betty Cantor-Jackson, fundi mwenye sikio ambalo sifa zake hazijaisha mpaka leo. Baadaye alipatwa na shida ya fedha, akashindwa kulipia ghala alimohifadhi tepu zake, na mwaka 1986 zikapigwa mnada. Walionunua wakazinakili, zikaenea. Rekodi ya Cornell ikawa ndiyo inayotajwa na kila mtu kuwa onyesho bora la bendi. Ikaingizwa kwenye orodha ya taifa ya rekodi za kuhifadhiwa ya Maktaba ya Bunge la Marekani kwa mwaka 2011, na mwaka 2017 ikatolewa rasmi.

Je, ni onyesho bora kweli? Ni zuri mno, silikatai. Lakini tuulize pia: ni mausiku mangapi ya mwaka huohuo yalikuwa matamu vilevile, ila hayakuwa na Betty mezani, au tepu zake hazikupita kwenye mnada? Umaarufu wa Cornell umejengwa na muziki pamoja na njia uliyopitia. Nasi tunalo la kwetu. Habari za Fumo Liyongo zilisimuliwa na kuimbwa pwani kwa karne nyingi na kwa namna nyingi, lakini tukisema Utenzi wa Liyongo darasani, tunamaanisha ule wa Muhamadi Kijumwa wa mwaka 1913, kwa kuwa ndio ulioandikwa ukasambaa. Huyo ndiye Cornell wetu. Hakuna ubaya kumpenda, mradi tusidhani ndiye peke yake.

Wala si kwamba hadhira inayorekodi haina dosari. Mwenye mikrofoni hapendi jirani yake aimbe. Katika eneo la warekodi watu walitazamwa vibaya kwa kupiga gumzo, yaani hadhira ilianza kuizuia hadhira isiwe hadhira. Na kaseti zilipoenea, tena hasa baada ya wimbo "Touch of Grey" wa mwaka 1987 kuingia kumi bora Marekani, watu waliofika viwanjani walizidi uwezo. Julai 2, 1995, kule Deer Creek, jimbo la Indiana, maelfu wasio na tiketi walivunja uzio wakaingia kwa nguvu. Onyesho la siku iliyofuata likafutwa. Gulio la maegesho lilikuwa limeanza kumeza onyesho lenyewe.

Waliofuata walijifunza kutoka hapo, kila mmoja kwa njia yake. Phish, bendi iliyoanzia Vermont mwaka 1983, nayo iliruhusu kurekodiwa, na usiku wa kuamkia mwaka 2000, huko Big Cypress, Florida, ilipiga kuanzia usiku wa manane hadi jua lilipochomoza. Lakini tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 imekuwa ikiuza rekodi zake safi za mezani muda mfupi tu baada ya onyesho. Ni huduma nzuri, sikatai. Ila nasaba imefutika: hakuna tena nakala ya kizazi cha tatu iliyopita mikononi mwa rafiki. Kila mtu ananunua kizazi cha kwanza, peke yake.

Kwa hiyo kwa yule mwenzetu wa semina ningejibu hivi: kinachoua simulizi si mashine, ni kurekodi mara moja. Tukienda uwandani na kumnasa mtambaji siku moja, sebuleni kwake, watoto wamefukuzwa ili wasipige kelele, hapo kweli tumeleta maiti. Tukimnasa siku kumi, mikrofoni ikiwa katikati ya hao watoto, tutakuwa na kitu cha kulinganisha.

Bado kuna jambo moja ambalo nadharia zetu hazijalifikia. Onyesho la mwisho la Grateful Dead lilifanyika Soldier Field, Chicago, tarehe 9 Julai 1995. Garcia alifariki Agosti 9, mwezi mmoja kamili baadaye. Usiku ule hapakuwa na aliyejua kwamba ni wa mwisho. Wimbo wa kufungia ulikuwa "Box of Rain", na aliyeimba ni Lesh, ambaye zamani aliutengenezea muziki wake wakati baba yake akiwa mgonjwa wa kufa. Kwenye rekodi watu wanashangilia kama kawaida, wakijiandaa kwenda kutafuta magari yao. Anayeisikiliza leo anajua wasichokijua wao, na anausikia wimbo mwingine kabisa, ingawa kwenye utepe hakuna noti hata moja iliyobadilika.