Njia ya Reli Juu ya Meza

Mwaka 1891, katika maonyesho ya biashara ya Leipzig, Ujerumani, mafundi wa nyumba ya Märklin walionyesha magari madogo ya moshi pamoja na reli zake za kuunganishwa. Tangu hapo, katika nyumba nyingi za Ulaya, baba na watoto wake hujenga njia ya reli juu ya meza. Nao wote hukutana na shida moja: ubao haulingani.

Tazameni hesabu yenyewe. Katika kipimo kinachopendwa zaidi, kila kitu hupunguzwa mara 87. Reli kubwa za Ulaya huachana milimeta 1435. Zile ndogo, milimeta 16,5. Basi kinundu cha milimeta 1, ambacho jicho halikioni, ni sawa na kinundu cha milimeta 87 katika njia kubwa. Na ukingo wa gurudumu, ule unaolizuia lisitoke relini, hukaribia milimeta 1 tu. Si ajabu behewa likianguka!

Asiye na subira huilaumu mashini, au hugongelea misumari kwa nguvu ili reli ilale bondeni. Hapo huharibu zaidi: msumari ukizama mno, taruma hupindika, reli mbili husogeleana, na magurudumu hubanwa. Kosa li chini ya reli.

Kazi ianze huko chini. Simamisha rula ndefu ya chuma juu ya ubao, na taa nyuma yake. Mwanga ukipenya, hapo pana bonde. Vinundu visuguliwe kwa msasa. Bonde lijazwe vipande vya karatasi ngumu, kifupi chini, kirefu juu yake. Mahali mbao mbili zikutanapo ni pabaya kuliko pote. Pasuguliwe mpaka kidole kisisikie kitu. Ndipo hutandikwa ukanda wa kizibo, kisha reli. Wale ambao jamaa zao walifanya kazi katika njia iliyofika Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, hawatashangaa: huko nako kokoto hushindiliwa chini ya mataruma.

Mwisho, sukuma behewa moja kwa kidole, pole pole, ukisikiliza. Likitikisika, tia alama ya kalamu, ng'oa reli, urudie. Watoto hawaipendi sehemu hii, maana mashini mpya ingali sandukuni ikingoja.