Stoo iliyogeuzwa chumba: hita ya ukubwa gani inatosha?

Kuanzia Juni hadi Agosti, usiku wa Njombe, Makete na Mbeya huwa na baridi kali, na nyakati nyingine joto hushuka chini ya nyuzijoto 10. Katika miji hiyo, kama ilivyo kwingine, stoo au gereji ya uani hugeuzwa chumba cha mpangaji, mtoto aliyekua au mgeni. Chumba chenyewe ni kidogo, dirisha moja, mabati juu, pengine bila dari. Baridi ikizidi, wengi huingiza jiko la mkaa, hufunga mlango na kulala.

Hapo ndipo kifo kinapoingia. Mkaa unapoungua hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Makaa mekundu yasiyotoa moshi, ambayo watu huyaona salama, nayo huitoa. Gesi hii hushikamana na himoglobini kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, hivyo moyo na ubongo hukosa oksijeni. Mtu huumwa kichwa, husikia kizunguzungu, kichefuchefu na mwili kulegea. Aliyelala huenda asiamke kabisa. Mjamzito, mtoto mchanga na mgonjwa wa moyo huathirika zaidi.

Hata hivyo, kuvumilia baridi nako si jibu. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri joto la ndani lisipungue nyuzijoto 18 wakati wa baridi. Baridi hubana mishipa na kupandisha shinikizo la damu, na huwasumbua wenye pumu.

Kama umeme upo, hita ya mionzi, ile yenye nondo zinazowaka nyekundu, inafaa chumba kidogo. Hupasha mwili ulio mbele yake bila kusubiri hewa yote ipate joto. Swali ni ukubwa wake.

Piga hesabu kabla ya kununua

Pima urefu na upana wa chumba kwa meta, zidisha, kisha zidisha kwa 100. Jibu ni makadirio ya wati zinazohitajika kupandisha joto kwa nyuzi 10 hivi, kwa chumba cha matofali chenye dari. Chumba cha meta 3 kwa 3 kinahitaji wati 900, hivyo chukua hita ya 1,000. Kama ni mabati matupu, ongeza nusu yake: wati 1,350, yaani hita ya 1,500.

Hita ndogo mno humfanya mtu aikumbatie. Ngozi inayopigwa na joto karibu kila siku hufanya madoa ya kahawia kama wavu, na mgonjwa wa kisukari aliyekufa ganzi miguuni anaweza kuungua asijue. Kaa umbali wa meta moja. Hita kubwa mno nayo hula umeme na kulemea nyaya. Wati 1,000 kwa saa 3 ni uniti 3 za luku. Wati 1,500 ni uniti 4.5.

Kabla ya hita, weka dari na ziba mianya kati ya ukuta na mabati. Fedha hiyo utaitumia mara moja, ilhali uniti utazinunua kila wiki.

Unapoitumia

Chomeka moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani, si kwenye ekstensheni, kwani waya mwembamba hupata moto na kuyeyuka. Usianike nguo juu yake. Iweke mbali na pazia, chandarua na watoto. Washa nusu saa kabla ya kulala, kisha izime na ujifunike blanketi.

Kama huna umeme, ota moto nje, kisha liache jiko hukohuko. Kuacha dirisha wazi kidogo hakutoshi kukulinda usingizini. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuviringishwa kitambaa husaidia kupasha kitanda.

Ukikuta mtu amezidiwa

Fungua mlango na madirisha, mtoe nje haraka, kisha mwahishe hospitali apewe oksijeni. Maziwa hayaondoi gesi hii kwenye damu, na kumnywesha aliyepoteza fahamu kunaweza kumpalia. Mweleze mhudumu kwamba palikuwa na jiko, kwa sababu kipimo cha kawaida cha oksijeni kinachobanwa kidoleni kinaweza kusoma vizuri wakati mgonjwa yuko hatarini.

Na kama watu wawili au watatu wa chumba kimoja wanaamka na maumivu ya kichwa yanayopungua wakitoka nje, msiyaite malaria au uchovu. Angalieni kwanza jiko lililala wapi.