Asili na Maana ya "Gloss Over"

Mfasiri akabidhiwapo taarifa ya Kiingereza isemayo kwamba mkaguzi wa ghala "glossed over" nyufa za ukuta, mara nyingi huandika kuwa mkaguzi alizificha, au alizipuuza. Tafsiri zote mbili humtwika mkaguzi kosa jingine. Afichaye hataji kabisa. Apuuzaye huona akaacha. Huyu alizitaja nyufa, ila kwa maneno laini, hata msomaji akazidhani mikwaruzo ya chokaa. Mbele ya kamati ya nidhamu, tofauti hiyo yaweza kumpotezea mtu kazi.

Kitenzi hiki, kiandamanacho na neno dogo lenye maana ya "juu ya", kilianza kutumika katika karne ya 17. Ndani yake yamekutana maneno mawili yasiyo na nasaba moja. "Gloss" ya kwanza ni mng'ao wa uso wa kitu, kama wa hariri au wa mbao iliyopigwa vanishi. Ya pili yatoka katika Kigiriki, "glossa", yaani ulimi. Wagiriki walilitumia pia kwa neno geni au la kale lihitajilo ufafanuzi. Likaingia Kilatini, na wanazuoni wa Ulaya wakayaita hivyo maelezo yaliyoandikwa pambizoni au baina ya mistari. Lakini mwenye kalamu ya kufafanua anao pia uwezo wa kupotosha. Katika karne ya 14, zama za Chaucer, kitenzi kilichotokana na neno hilo kupitia Kifaransa kilikuwa tayari na maana ya kufafanua, na vilevile ya kurairai na kuhadaa. Ulimi ulipokutana na vanishi, hila ikapata mng'ao.

(Neno letu "sherehe", tuliandikalo juu ya orodha ya maneno magumu mwishoni mwa kitabu, nalo lilianzia katika ufafanuzi: Kiarabu "sharaha" ni kufungua na kueleza. Halikuingia kamwe katika udanganyifu.)

Je, tuseme nini kwa Kiswahili? Wako wapendao "kufunika kombe". Methali ni tamu, lakini kombe likifunikwa mwanaharamu haoni kitu, nasi tumerudi palepale kwenye kuficha. "Kuvika kilemba cha ukoka" ni kumsifu mtu asivyostahili, wala si kulainisha jambo. "Kupaka rangi" kunakaribia mno picha ya Kiingereza, ila katika taarifa ya jengo msomaji atauliza ndoo ya rangi iko wapi.

Kwa maoni yangu lifaalo ni "kufifiza": mkaguzi alizififiza nyufa. Kiingereza hung'arisha, sisi twafifiza, na matokeo ni mamoja: jambo lingalipo machoni, ila ukali wake umepungua, tena kwa kusudi la mtu. "Kupitia juujuu" tumwachie aliyefanya haraka tu.